Kebo Nne za Mwalimu Sylviane

Kijiwe chetu cha Kakuma ni ubao mmoja uliolazwa juu ya maganda mawili ya betri za sola zilizokufa, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza kompyuta na simu. Juu yake kuna turubai lililotobolewa na jua, na pembeni kuna jiko la Mama Godelieve, Mrundi anayeuza kahawa ya tangawizi na kumkatiza yeyote bila kuinua macho. Wenzangu wananiita Volteji kwa kuwa napanda haraka. Sikatai. Ufundi huu sikuusomea popote, niliupata kwa kufungua vitu na kuvifunga tena, na mteja wangu simzungushi: kitu kikifa namwambia kimekufa. Alhamisi hiyo nilipanda kabla hata ya kikombe cha kwanza, maana saa tatu asubuhi Mwalimu Sylviane alifika na beseni la kufulia kichwani, akalitua katikati ya ubao, na ndani yake kulikuwa na kebo zilizokatwa katikati na kufungwa upya kwa tepu nyeusi, pamoja na vipande vilivyobaki.

— Hao ni nyoka ama? akauliza Byron, kijana wetu wa bodaboda kutoka Lodwar, akisogea.

— Ni kebo zangu, akasema Sylviane. Zilikuwa nzima mpaka jana jioni.

Nilitoa moja. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha bluu chenye skrubu mbili. Upande wa pili ulikuwa na kichwa chembamba, bapa, cheusi. Katikati kulikuwa na uvimbe wa tepu mnene kama goti la ngamia.

— Nani amefanya huu ushenzi?

Kijiwe kizima kilimgeukia Jal. Jal ni Mnuer wa Sudan Kusini, mrefu, mpole, na ndiye anayevuta laini za jenereta nusu ya mtaa wetu. Stima ya hapa inapita juu ya paa kwa nyaya zilizosokotwa na mkono wake, na kwa kusokota hana mpinzani toka hapa mpaka Lokichoggio. Wanamwita Laini.

— Ni mimi, akasema Jal. Mwalimu alikuja analia. Skrini iko na kichwa ya bluu, kompyuta iko na tundu ndogo. Haziingiani. Mimi nikakata, nikaunga. Nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Sasa inaingia huku na inaingia huku.

— Na inawaka?

— Kuwaka ni mambo ingine.

— Jal! Inawaka ama haiwaki?

— Haiwaki, akajibu Sylviane. Skrini inasema haioni kitu. Halafu inalala.

Wengine walikuwa hawajaisikia habari hii, kwa hiyo Sylviane akaieleza akiwa amesimama, mikono kiunoni. Anafundisha wanawake kumi na mmoja kuchapa kwenye ukumbi wa kanisa. Kwa wiki tatu walijifunza bila mashine: kila mmoja alichora herufi za kibodi kwenye kipande cha kadibodi, wakawa wanabonyeza kadibodi huku yeye akipiga makofi ya kuhesabu. Wiki hii shirika liliwaletea kompyuta tano. Sipiyu zilikuja na lori moja na kebo zake, skrini zikaja na lori lingine na kebo zake, na hakuna aliyejishughulisha kuuliza kama hivyo vitu viwili vinajuana. Leo saa sita mchana dada wa ofisi ya Lodwar anakuja kukagua. Akikuta darasa liko gizani, kompyuta zote tano zitapakiwa ziende kwa kikundi kingine Lokichoggio.

— Barua imeandikwa hivyo, akasema. "Vifaa visivyotumika vitahamishwa."

— Tuseme ukweli, hao watu hawana aibu, nikasema. Unamletea mtu kiatu cha kushoto kutoka Nairobi na cha kulia kutoka Mombasa, kisha unakuja kukagua kama anatembea!

— Polepole, Volteji, akasema Mama Godelieve. Utamwaga.

Hapo Mzee Onésphore akakohoa. Ni Mkongomani wa Uvira, zamani alikuwa karani wa posta, nasi tunamwita Gavana kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea tamko.

— Miye minajua mambo hii, akaanza. Ile matundu ilichorwa na bale bazungu balichora mipaka. Banakaa kwenye meza moja, na rula. Huyu anapata tundu ya mraba, huyu anapata ya pembe, huyu ya mviringo. Njo sababu kebo ya huku haiingie kule. Banaogopa mashine zikielewana, na batu bataelewana.

— Gavana, hii kebo imetengenezwa China, nikasema.

— Na rula nani aliuzia Machina?

Byron alicheka akapiga goti.

— Wazee, hizi makebo ni za kitambo. Siku hizi picha inaruka hewani tu. Mi naona tatizo ni setilaiti. Kuna setilaiti inapita juu ya Turkana, inachagua ni skrini gani iwake na gani ilale. Kanisa halijajiandikisha.

— Kujiandikisha wapi?

— Juu.

— Kanisa halijajiandikisha juu! akasema Mama Godelieve. Nenda ukamwambie padri hivyo.

— Mimi nasema waya ni waya, akasema Jal. Wahenga wanasema damu nzito kuliko maji. Nyekundu ni ndugu ya nyekundu. Hii kichwa ni ya kushikia tu, kama mpini ya jembe. Sasa kama ndugu amekutana na ndugu na hawaongei, labda kuna ugomvi ya zamani.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akakubali Gavana. Kebo njo mgeni, kompyuta njo mwenyeji. Kama mwenyeji hajapona, mgeni alikuja na roho mbaya.

Nilishindwa. Niliingia kibandani, nikatoka na kopo langu la vichwa vya kebo, nikalimwaga lote kwenye ubao hata Mama Godelieve akanyakua vikombe vyake.

— Sikilizeni, na nikimaliza sitaki kusikia setilaiti. Hiki chenye mashavu matatu ni cha umeme tu, hakijui picha wala sauti. Hiki cha plastiki chenye kiulimi kinacholia tak ni cha mtandao. Hiki bapa cha mstatili ni USB, kinabeba kibodi, kipanya, simu, kila takataka. Sasa picha. Hiki cha bluu ni VGA. Hesabu pini zake, Byron.

— Tano, tano, tano. Kumi na tano. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Methali hiyo haihusiki! Na hiki ni HDMI. Pembe zake mbili za chini zimekatwa. Huyu anayefanana naye ni DisplayPort, amekatwa pembe moja tu. Kwetu Kataboi mbuzi hutambulikana kwa mkato wa sikio. Mtoto wa miaka sita hawezi kumchanganya mbuzi wa sikio moja na wa masikio mawili, na anayejaribu kumwingiza zizini kwa nguvu anatandikwa. Hivi vichwa ni alama, Jal. Si mpini!

— Lakini ndani ni waya, akasema Jal kwa upole uleule unaoniudhi.

— Ndani ni waya, ndiyo! Na koo lako na la ng'ombe ndani ni nyama! VGA hupeleka picha kama mtu anayeimba, sauti inapanda na kushuka. HDMI hupeleka picha kama karani anayesoma tarakimu, sifuri, moja, sifuri, moja. Wewe umemchukua mwimbaji ukamfunga na karani kwa tepu, ukategemea wakubaliane. Katikati yao lazima awepo mkalimani, kijidude chenye akili kidogo ndani, kinaitwa kibadilishi. Bila hicho, unaweza kuunga mpaka Yesu arudi.

— Sasa njo umesema kama mutu, akasema Gavana.

— Na kibadilishi unacho? akauliza Sylviane.

— Sina. Kiko Lodwar.

— Mi naenda, akasema Byron na kuinuka.

— Kwenda Lodwar na kurudi kabla ya saa sita? Na hiyo pikipiki yako inayosukumwa kila kilima?

Byron akaketi. Sylviane alikuwa bado amesimama. Hakuwa analia sasa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

— Volteji, akasema, nilikupigia simu Jumatatu. Nilikuomba uje utazame.

— Nilikuwa na redio ya polisi mkononi, ningeiacha?

— Ulisema nisikufundishe kazi.

— Nilikuambia ukweli! Nilisema mashine za siku hizi zina HDMI na nduguye, VGA hazina. Nilikosea wapi? Si mimi niliyekuambia ukaite mtu mwenye koleo!

— Nilimwita Jal kwa sababu ulisema hakuna njia.

— Na huyo Jal alipofika akakata jozi nne za kebo kama anakata miti ya mathenge! Nne! Hata ya tano ilipona kwa nini?

— Tepu iliisha, akasema Jal.

Byron alianguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilimwambia Jal maneno ambayo sitayaandika hapa, kuhusu mikono yake, koleo lake, na mtu aliyemwonyesha waya kwa mara ya kwanza. Jal alisikiliza yote huku akizungusha kikombe chake.

— Ejok, ikanisalimu sauti nyuma yangu kwa Kiturkana.

— Ejok nooi, nikajibu kwa mazoea, bado nikiwa na kebo mkononi kama kiboko.

Alikuwa mwanadada wa Kiturkana, shanga za shingoni chini ya kola ya shati la ofisi, faili kwapani, viatu vimejaa vumbi.

— Naitwa Atabo. Natoka ofisi ya Lodwar. Natafuta darasa la Mwalimu Sylviane. Nimekuja mapema kwa sababu saa saba niko Kalobeyei.

Ilikuwa bado saa nne. Sylviane alishika ukingo wa beseni. Gavana akakohoa, akaona hapo nafasi ya kuokoa jahazi.

— Karibu, dada. Kwanza kahawa. Tunakueleza shida yote kabla hujaiona na macho.

Wakamweleza. Gavana alianza na rula, Byron akaingilia na setilaiti, Jal akasema waya ni waya na kwamba samahani, nami nikampokonya kila mmoja maneno, nikamweleza mwimbaji na karani, pembe mbili na pembe moja, nikamwambia kinagaubaga kuwa ofisi yake ndiyo ya kulaumiwa, iliyotuma sipiyu na skrini zisizojuana, na kama anataka kuhamisha kitu ahamishe kwanza aliyepakia yale malori. Atabo alikunywa kahawa yake yote bila kunikatiza. Kisha akauliza:

— Na hizo kompyuta ziko wapi?

— Pale kanisani, akaonyesha Sylviane. Hatua hamsini.

— Nani kati yenu amezitazama nyuma?

Nilimtazama Jal. Jal alimtazama Sylviane.

— Miye niliona sipiyu moja, lakini mbele, akasema Gavana.

— Mimi niliona tundu moja, ile ndogo, akasema Jal. Ikatosha.

Byron alikuwa ghafla na shughuli na kamba ya kiatu. Mimi, mwenye kopo la vichwa vyote mbele yangu, nilianza kuvirudisha vichwa koponi.

— Kahawa imeisha, akasema Mama Godelieve, na akafunika birika ingawa nilisikia bado lina kitu.

Tukaenda. Ukumbini wale wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekaa mbele ya skrini tano nyeusi, kadibodi zao mapajani. Walisimama wote kumwamkia Atabo. Yeye aliweka faili chini, akageuza sipiyu ya kwanza kama mtu anayegeuza kikapu cha samaki. Nyuma kulikuwa na tundu la HDMI. Kando yake la DisplayPort. Chini yake, sentimita mbili tu, kulikuwa na kifuniko cha plastiki cheusi, rangi moja na kasha lenyewe. Atabo alikibandua kwa ukucha. Kikatoka tik.

Chini yake kulikuwa na bluu. Tano, tano, tano.

— Ofisini tunazo hizi hizi, akasema. Sisi pia tulihangaika wiki nzima. Dada anayefagia ndiye aliyetuonyesha.

Sylviane alileta kebo ya tano, ile iliyopona kwa kuisha tepu. Bluu kwa bluu, nikakaza skrubu mwenyewe, kwa hasira nisiyojua pa kuipeleka. Skrini ikawaka. Wanawake walipiga vigelegele, mmoja akaangusha kadibodi yake na hakuiokota.

— Hiyo ni moja, akasema Atabo. Fomu yangu inauliza tano. Napita hapa nikitoka Kalobeyei, saa kumi. Nikikuta moja, siwezi kuandika tano. Mnanielewa?

Alipotoka nilikimbilia chuma changu cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya. Kilikuwa baridi. Jenereta la mtaa wetu huzimwa mchana mpaka saa tisa na nusu, na ule umeme mdogo wa sola ya kanisa ulikuwa umebebwa wote na skrini moja. Nilirudi ukumbini nikamkuta Jal amekaa sakafuni, ameshakata mafundo yake yote manne, ametenga nusu za HDMI huku na nusu za VGA kule, pamoja na vile vipande vya beseni, kila nusu na mwenzake.

— Sasa ni ndugu na ndugu ya kweli, akasema. Kebo moja, mama moja. Nyekundu kwa nyekundu. Ama bado ni makosa?

Nilitaka kutafuta kosa. Halikuwepo. Kebo ya VGA iliyokatwa na kuungwa na nusu yake yenyewe, rangi kwa rangi, itaimba wimbo uleule. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia waya zile nene tatu zina utando ndani na utando lazima ukutane na utando. Hilo hakulijua. Lakini nyuzi nyembamba kama nywele, za kusokota bila moto ili zisiachane, mimi siziwezi. Mimi ni mtu wa risasi. Jal alizisokota kwa ncha za vidole vyake virefu, moja moja, nami nikamshikia. Saa tatu nzima mimi, Volteji, nilikuwa kibanio cha Jal. Byron alikwenda kuleta tepu, na pikipiki ikasukumwa kurudi.

Saa tisa na nusu jenereta lilipowashwa, ya kwanza iliwaka. Ya pili ikawaka. Ya tatu ilicheza-cheza, Jal akaifungua akaifunga tena, ikatulia. Ya nne iliwaka ikiwa ya njano tupu, kama mtu mwenye homa ya manjano.

— Uzi wa bluu umekatikia ndani, nikasema. Hautengenezeki leo.

— Herufi zinasomeka? akauliza Sylviane.

Zilisomeka. Mwanamke mmoja aliketi mbele yake mara hiyo hiyo na kuanza kuchapa, macho juu, vidole vikienda bila kutafuta.

Saa kumi Atabo alirudi na vumbi la Kalobeyei. Alipita skrini moja baada ya nyingine. Kwenye ile ya njano alisimama zaidi, akamwacha yule mama amalize mstari wake, akausoma.

— Zinabaki, akasema.

Kelele iliyotokea sitaweza kuieleza. Gavana alimkumbatia Mama Godelieve, akasukumwa. Atabo alingoja itulie, akaketi kwenye kibao, akafungua faili.

— Bado sehemu moja. Jozi nne za kebo zimekatwa, na ni vifaa vya ofisi. Hapa wanauliza chanzo cha hitilafu. Niandike nini?

— Andika malori, akasema Byron.

— Andika rula, akasema Gavana, lakini kwa sauti ndogo.

— Malori yalileta kebo zinazofaa, akasema Atabo. Mlikuwa nazo zote mkononi. Nani aliwaambia tundu la bluu halipo?

Jal alikuwa anavingirisha mabaki ya tepu kwenye kidole. Tangu asubuhi nilikuwa nimemtukana mbele ya watu, na jibu alilijua. Aliendelea kuvingirisha tepu. Sylviane alilijua kuliko wote, na alitazama dirishani. Byron akatazama dari. Walikuwa wananificha. Wote, bila kukonyezana, walikuwa wananificha kama mtu anavyomfunika mlevi kwa shuka, na huruma ile ilinipandisha damu kuliko tusi lolote nililowahi kutupiwa kijiweni.

— Mimi, nikasema. Jumatatu, kwa simu. Sikuja kutazama.

— Jina?

— Volteji, akasema Gavana haraka.

— Hilo ni la kijiweni, nikasema. Andika Ewoi. Ewoi, fundi wa kompyuta.

Atabo aliandika Ewoi. Kisha kalamu ikasimama, akaniinulia macho, nami nikangoja kuona kama ataliandika na hilo neno la pili: fundi.